Aya Niliyoiruka

Mpendwa Mshauri, naomba unisaidie kabla Jumatano ijayo haijafika, maana nina siri nzito, na mtu niliyezoea kumweleza siri zangu ndiye huyohuyo niliyemfanyia ubaya. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka thelathini na mmoja, naishi na mama yetu na mdogo wangu wa kiume ambaye haoni, na ambaye nyumbani tunamwita Profesa tangu utotoni kwa sababu ya maswali yake.

Macho yake yalianza kufifia akiwa na miaka minane, alipofika kumi akawa anaona mwanga wa dirisha tu, na mama alikuwa anafua mashuka hospitalini anarudi jioni, kwa hiyo mimi niliyeacha shule kidato cha pili nikajifunze ushonaji ndiye niliyeshinda naye, nikawa namsomea. Nilikuwa namketisha juu ya rundo la vitambaa pembeni ya cherehani, kitabu nimekiegemeza kwenye kopo la vifungo, nashona mshono mmoja nasoma ukurasa mmoja, na hadi leo nasikia harufu ya mafuta ya mashine na naona mkono wake mdogo umeshika ncha ya gauni langu ili ajue kama nimeinuka. Mfalme nilimpa sauti ya mwenye nyumba wetu, jini nikampa sauti ya mama akiwa amekasirika, naye anacheka mpaka anadondoka kwenye vitambaa, na Mshauri, sijui kama nitawahi kufurahi tena vile.

Kulikuwa na kitabu cha mbwa mzee, na mwishoni yule mbwa anakufa, nikaona mtoto atalia, basi nikaruka ukurasa nikatunga wangu, mbwa akapona akalala zake barazani. Miaka mitatu baadaye akakikuta kitabu kilekile shuleni kwa nukta nundu, yale maandishi ya kusoma kwa vidole, akarudi nyumbani amenuna, akasema, "Dada, kumbe mbwa alikufa." Nikamwambia nilimhurumia. Akasema, "Nihurumie, lakini usiniruke." Tukacheka, yakaisha.

Sasa yuko mwaka wa kwanza chuo kikuu, anasomea sheria, na vitabu vya sheria vya nukta nundu hajavipata, kwa hiyo namsomea mimi, narekodi kwenye simu huku namalizia nguo za wateja, naye anasikiliza kwenye basi, na wenzake wanamtania kwamba sheria zake zote zina cherehani inanguruma ndani. Lakini vitabu ni vinene, Mshauri, darasa limefika ukurasa wa mia mbili na kumi mimi nimefika wa sitini, na kwenye mtihani wa katikati ya muhula muda ulimwishia akiwa bado anamtajia rafiki yake wa kumwandikia jibu la pili kati ya matano, akafeli.

Wiki mbili zilizopita akaja na bahasha ya chuo, akanipa nimsomee kama anavyonipa kila karatasi. Aya ya kwanza ilimkaribisha. Aya ya pili ilisema kuna ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, na kwamba anastahili vitabu vya sauti, kompyuta inayosoma, msomaji na mwandishi waliofunzwa, chumba chake cha mtihani na muda zaidi, ila ajaze fomu iliyomo na kuirudisha kabla ya Jumatano hiyo ninayokwambia. Aya ya tatu ilimtakia masomo mema. Macho yangu yalitangulia mdomo, yakafika kwenye "msomaji aliyefunzwa", yakaganda hapo. Nikasoma ya kwanza, nikasoma ya tatu. Akauliza, "Ni hayo tu?" Nikasema, "Ni hayo tu, Profesa." Fomu nikaificha kwenye droo ya cherehani, chini ya zipu.

Wallahi sikupanga, ila nilijiona nimebaki na cherehani peke yangu, hakuna wa kuniuliza "Dada, halafu ikawaje?", na pia niseme ukweli, sheria hizo nazielewa na mimi, kuna siku tunabishana juu ya kesi mpaka mama anatufukuza jikoni, nikahisi natolewa darasani mara ya pili. Juzi mezani akaniambia taratibu kabisa, "Dada, naona chuo si cha mtu kama mimi. Muhula ukiisha naacha." Nikainamia sahani yangu.

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana namsomea gazeti hili, na ukurasa wako ndio anaouanza, anapenda unavyowagombeza watu. Nifanyeje, Mshauri? Nikimwambia atanichukia, nisipomwambia ataacha chuo. Au niipeleke fomu mwenyewe kimyakimya, nimwambie barua nyingine imekuja? Tafadhali usiandike jina langu.

Dada wa Profesa

*

Dada wa Profesa,

Hapana. Hiyo barua nyingine ifute kichwani sasa hivi. Uongo mmoja umekufikisha hapa, unataka kuutafutia mwenzake?

Barua yako niliisoma mara mbili. Ya kwanza nilitoa machozi, ya pili nilitaka kukuchapa kwa futi yako mwenyewe. Nitakwambia kwa nini nililia. Mama yangu mkubwa hakujua kusoma, na kwa miaka sita mimi ndiye niliyemsomea barua za mwanawe aliyekuwa mbali. Nilijiona mtu mkubwa sana. Kisha akaenda kisomo cha watu wazima, na siku moja akanipokonya bahasha mlangoni, akaingia nayo chumbani, akafunga mlango. Nilisimama pale nje nimevimba mashavu, na hata sasa nikishika bahasha namkumbuka yeye na ule mlango. Baada ya wiki akaniita, "Njoo nikusomee." Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, na sijawahi kusomewa vizuri kama siku ile.

Kwa hiyo uchungu wako naujua. Kosa lako ni kosa vilevile. Ile aya haikuwa zawadi wala huruma ya chuo. Ni haki yake, na haki ya mtu haifichwi chini ya zipu. Mdogo wako hakushindwa sheria, alishindwa na saa. Sasa anataka kuacha chuo akidhani kichwa chake ndicho kibovu, na wewe unajua si kweli, na umeinamia sahani! Alipokuwa mtoto ulimruka ili asilie. Safari hii umemruka ili usilie wewe.

Na ninyi wa ofisi ya chuo, nani aliwashauri mumwandikie asiyeona kwenye karatasi? Mngempigia simu, dada huyu asingepata cha kuruka.

Sasa sikiliza. Mwombe radhi kwa maneno machache. Usijieleze, na usilie mpaka yeye ndiye akubembeleze. Atakasirika, mwache akasirike, ni haki yake nyingine. Jumatatu funga duka, mwende chuoni na cheti cha daktari wa macho. Aongee mwenyewe, fomu ijazwe kwa maneno yake, wewe kaa kwenye benchi la nje. Aulize kama ule mtihani anaweza kuurudia akiwa na muda anaostahili. Wanaweza kukataa, lakini aulize. Na wewe, Dada, tafuta darasa la jioni uendelee pale ulipoachia. Ukikwama kwenye somo, una Profesa ndani ya nyumba. Ni zamu yake kukusomea.

Hadithi hakuna atakayekunyang'anya. Hiyo kompyuta itamsomea vifungu vya sheria usiku na mchana, lakini haijui mwenye nyumba wenu anavyoongea.

Ningeweza kukujibu kwa simu tukayamaliza wawili. Barua yako nimeiweka hapa gazetini makusudi, na jina lako sijaliandika. Leo ni Jumamosi, mmeshakula, na amekwambia uanze na mimi. Najua ameshatambua ni wewe tangu uliposoma neno "cherehani". Profesa, nakusalimu. Dada yako amekukosea sana, lakini kama amefika mstari huu, basi leo hajakuruka.

Dada, weka gazeti chini. Fungua droo. Msomee aya ya pili.