Usimguse Mikono

Jumatatu, 13 Juni 1977
Mazoezi saa kumi na moja jioni, uani kwa Kocha Fidelis. Baridi kali, vidole vimekufa ganzi kabla hata ya kuanza. Kuruka kamba, kisha kunasa, kisha komeo.

Kunasa, mara hamsini kila mkono. Mwenzako akileta ngumi unaupokea mkono wake ungali njiani, unaubana chini, haurudi kwake mpaka utake wewe. Komeo ni kigasha chako unachokilaza kifuani pake, asikusogelee. Kocha alijifunza haya kwa vibarua wenzake wakati wa kujenga reli kule Tunduma. Alirudi nayo pamoja na kikohozi.

Wengine wanajifunza kupiga. Mimi najifunza kutopigwa. Nina miaka thelathini na minne, mfupi, miguu mizito, tena fundi cherehani. Nikivunja vidole kwenye fuvu la mtu, nani atashona? Kocha anasema hapa mjini hakuna anayenasa kama mimi. Najua.

Jumatano, 15 Juni
Katibu wa tawi alipita barazani leo. Sabasaba kutakuwa na ngumi na mateke uwanjani, mtaa wetu wa Malangali na kijiji cha Mpui. Mpui wanamleta Aloisi, utingo wa lori, miaka ishirini na miwili, anabeba gunia la mahindi kama mtu anavyobeba mto wa kulalia. Nilikubali kabla katibu hajamaliza kusema. Kiburi tu.

Gaudensia kaniuliza kama nina akili timamu. Mke wangu huyu haulizi maswali ya kujibiwa.

Ijumaa, 17 Juni
Aloisi mwenyewe alikuja na mjomba wake, Mzee Kapele, ndiye anayemfundisha. Wanataka glavu, na glavu za turubai anashona nani hapa Sumbawanga kama si mimi? Namshonea mtu ngumi za kunipigia. Nilicheka.

Kijana ana adabu. Shikamoo fundi, samahani fundi. Anazitaka ndefu, zifike karibu na kiwiko. Eti baridi. Nilimpima mkono wa kulia. Wa kushoto aliuacha ndani ya koti, akasema nipime huu mmoja, yote ni sawa. Mzee Kapele alikuwa anaviangalia vidole vyangu tu. Sikupenda.

Jumapili, 19 Juni
Baada ya misa Gaudensia alikwenda bombani, akarudi na ndoo tupu. Amesikia. Mikono ya Aloisi imetiwa dawa huko bondeni Rukwa. Ukiishika, vidole vyako vinakauka kimoja kimoja. Yuko mtu wa Mpui aliishika kilabuni walipogombana, leo hawezi kushika jembe, analishwa uji na mkewe.

Upuuzi mtupu. Nilicheka mpaka Tekla, binti yetu, akaja kuuliza kuna nini.

Gaudensia hakucheka. "Baba Tekla, piganeni mnavyotaka. Lakini usimguse mikono. Hiyo yako ndiyo inayotulisha."

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia kama anaogopa maneno ya bombani basi akachote maji mtoni. Sasa najuta, lakini siendi kumwambia.

Jumanne, 21 Juni
Kila anayeleta nguo analo jambo lile lile. Mwalimu mzima, suruali mkononi, ananinong'oneza. Bwana Nasoro, mwenye duka ninaloshonea barazani pake, kasema yeye ni mtu wa dini, mambo hayo hayaamini hata kidogo. Kisha akanishauri nivae hirizi.

Kocha naye amesikia. Anasema watu hawakosi la kusema. Ila leo hakunitania, na Kocha asiponitania ujue kuna jambo.

Bila kunasa sina kitu. Nitamzuia kwa nini, kwa pua?

Jumamosi, 25 Juni
Nimejishona kidole. Miaka kumi na tano kwenye cherehani, sijawahi. Kaptula za shule, kaki ngumu, sindano ikaingia kwenye kucha ya kidole cha shahada cha kushoto ikatokea upande wa pili. Damu kwenye kaki. Bwana Nasoro alilizungusha gurudumu kwa mkono kuitoa.

Nimekaa na kidole mdomoni ndipo nikakumbuka. Ijumaa ile nilimpima Aloisi kwa mkono huu. Nilimzungushia futi kwenye kigasha, nikabana kwa kidole hiki hiki.

Sisemi kitu. Naandika tu.

Jumatano, 29 Juni
Kidole kimevimba, kinapwita. Muuguzi amekisafisha na kukifunga, akasema ni sindano, itapita siku kumi. Nilimuuliza kama ganzi inaweza kupanda mpaka kwenye kifundo cha mkono. Akasema labda nimeulalia. Sikuulalia.

Mazoezi yamekuwa aibu. Kocha analeta ngumi, mkono wangu unakwenda kuipokea, halafu unarudi wenyewe. Sijauambia urudi. Mara ya nne akanipiga kofi la kichwa, akasema kama nimeamua kupigwa nimwambie mapema akalale.

Gaudensia anakiangalia kidole nikila. Hatuzungumzi habari hiyo.

Jumapili, 3 Julai
Nimechoka kusikia. Leo nilidandia lori hadi Mpui kumtafuta mtu asiyeweza kushika jembe. Nimuone kwa macho yangu, basi.

Nyumba ya kwanza walisema yupo, si hapa, ni kule ng'ambo ya shamba la kijiji. Ng'ambo wakasema si kwao, ni karibu na zahanati. Karibu na zahanati wakasema alihamishwa wakati watu wanahamishiwa vijijini, lakini ni kweli kabisa, yupo. Jina lake hakuna anayelijua. Nusu siku nimezunguka.

Ningepaswa kurudi nimefurahi. Wapi. Mtu asiye na jina wala nyumba ndiye anayenitisha zaidi.

Nilimwona Aloisi kwa mbali, uani kwao. Anapasua kuni kwa mkono mmoja, wa kulia, huku wa kushoto uko ndani ya koti. Shoka zima, mkono mmoja. Nikasema moyoni, tazama majivuno ya mtu mwenye dawa. Niliondoka asinione.

Jumatano, 6 Julai
Kidole kimeanza kupungua. Hainisaidii.

Naogopa. Nimeandika, basi. Simwogopi yeye, mateke yake nayaweza. Naogopa kuamka Ijumaa nishindwe kutia uzi kwenye sindano. Nikiona Tekla na wadogo zake wamelala naona vidole vyangu tu.

Gaudensia amenipigia pasi bukta bila kuambiwa. Amerudia, "Usimguse mikono." Safari hii sikumjibu.

Alhamisi, 7 Julai
Naandika jicho moja limefunga.

Nguzo nne uwanjani, kamba za katani, vumbi na upepo. Watu wengi, wengine juu ya malori. Raundi tatu.

Ya kwanza sikumgusa mikono. Nilikimbia kimbia, nikaweka komeo kwa mbali, mara mbili tu, kifuani. Teke la paja likaniua mguu. Watu wa Mpui wanaimba. Anapiga kwa kulia tu, kushoto ameuweka karibu na mbavu. Nikajua ananidharau.

Ya pili alinipiga sikioni, bado linavuma. Kisha jicho. Kisha tumboni nikaenda goti moja. Mikono yangu inainuka kunasa, inashuka. Gaudensia yuko pembeni ya kamba, kitenge mdomoni. Naona anatikisa kichwa, usimguse, usimguse. Damu ndani ya kinywa.

Kwenye kiti Kocha alinishika kidevu. "Pankrasi. Nasa mkono au toka. Chagua."

Nilipata hasira. Sijui ya nani. Ya bombani, ya Mpui, ya yule mtu asiye na jina, ya miezi kumi na minane ya kunasa uani na leo natwangwa kama ulezi kwa sababu ya maneno. Nikasema vikauke basi. Vikauke vyote.

Raundi ya tatu nilimwendea. Komeo kifuani, nikamsukuma hadi kambani. Akaleta kulia, nikaubana. Kumbe mkono ni mkono tu. Joto, jasho, turubai niliyoishona mwenyewe. Furaha niliyoipata hapo, Mungu anisamehe. Nikaukamata na wa kushoto, nikauingiza kwapani, nikajigeuza na uzito wangu wote, kama nilivyofundishwa.

Ukalia kama kuni kavu.

Hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, akaniangalia, macho ya kushangaa. Ndani ya ile glavu ndefu mkono ulikuwa umepinda pasipo na kiungo. Nikasikia kamba zinavyopigwa na upepo. Halafu mwanamke mmoja, sikumwona, akasema wala hakupaza sauti:

"Kamkausha."

Mwamuzi aliinua mkono wangu. Aliushika kwa kipande cha kitambaa, juu ya kifundo. Nilidhani ni kwa sababu ya damu.

Ijumaa, 8 Julai
Vidole kumi. Nimevihesabu asubuhi, nimetia uzi mara ya kwanza tu. Hata shahada haiumi tena.

Nilikwenda hospitali. Aloisi amelala, mkono umefungwa vibanzi, uso wa majivu. Mzee Kapele yuko nje ameketi chini ukutani. Nikamwamkia shikamoo.

Kisha akasema yote. Mwezi wa nne kijana alianguka na gunia kutoka juu ya lori, mkono wa kushoto ukavunjika. Wakaurudisha kienyeji, haukuunga vizuri. Tajiri wa lori hakuambiwa, maana utingo mwenye mkono mbovu anafukuzwa kesho yake, na kijana alishaahidiwa kwamba akishinda Sabasaba atapelekwa mjini Mbeya kucheza na kupewa kazi. Mzee alijua mimi ni mtu wa kunasa. Kila mtu anajua. Akakaa akawaza mtu wa kunasa anazuiwaje asinase. Akaenda kilabuni akasema habari ya dawa mara moja, kwa watu wawili. Basi. Hakuna dawa, hakuna mtu wa jembe, bondeni kijana hajafika tangu mvua.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Ningeuacha mkono ule. Ningecheza na wa kulia.

"Ningekuambia," akasema, "ungeanza na huo huo."

Nilitaka kumkatalia. Nimerudi nyumbani kwa miguu nikimkatalia njia nzima. Kweli siijui. Raundi ya pili, jicho limefunga, watu wanaimba. Siijui.

Daktari anasema hautanyooka. Gunia hatabeba tena.

Jumatatu, 11 Julai
Barazani tangu saa mbili hadi saa nane, mteja mmoja. Mwalimu. Aliiweka suruali juu ya meza, akasogea nyuma hatua mbili, ndipo akaeleza anachotaka.

Gaudensia kaniambia wanavyosema bombani. Kwamba nilikuwa na yangu, kali kuliko ya Aloisi. Dawa imekutana na dawa, ya nguvu kidogo imevunjika. Kwamba ndiyo maana sikumgusa raundi mbili, nilikuwa nangoja iamke. Kwamba siku ile nilikwenda Mpui kuzindika, watu waliniona nyumba kwa nyumba.

Nilimweleza habari ya mkono, lori, Mzee Kapele. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ndiyo, Baba Tekla. Akainuka kukoroga mboga.

Jumamosi, 16 Julai
Nilimwomba Mzee Kapele aje mjini aseme mwenyewe. Amekuja, mtu wa watu yule, ingawa namchukia kidogo. Alisimama mbele ya duka akaeleza kila kitu, na kilabuni akaeleza tena. Alikiri uongo wake mbele za watu, mzee mwenye mvi.

Walimsikiliza kwa heshima. Alipoondoka wakasema maskini, fundi amemtisha.

Bwana Nasoro aliniita ndani. Chai, sukari ya kutosha, siku hizi ambapo sukari haipatikani. Kasema yeye hana tatizo na mimi, sisi ni ndugu. Ila kina mama sasa wanazungukia mlango wa nyuma, na duka ni duka. Kama ningeona vyema, cherehani ingekaa nyumbani kwa muda. Sikubishana. Alinisaidia kuibeba hadi kwenye mkokoteni, yeye akishika upande wa meza, mimi upande wa gurudumu.

Kocha amesema nipumzike kidogo. Eti hana wa kufanya mazoezi nami mpaka nimepumzika. Maneno yake hayo.

Jumapili, 24 Julai
Misa ya pili. Kanisa limejaa, benchi letu lina nafasi.

Padri aliposema tupeane amani niligeuka kulia. Mzee wa watu alikuwa anatafuta kitu kwenye kitabu cha nyimbo. Nikageuka nyuma. Mama mmoja aliinamisha kichwa, akatabasamu, mikono ndani ya khanga. Walio mbele hawakugeuka kabisa. Sikukasirika. Nilisimama na mkono wangu mbele kama mtu anayepokea mvua, halafu nikaushusha.

Gaudensia alinipa wake. Alinipa, namshukuru, na alisema amani ya Kristo kama mke yeyote. Lakini nilimwona kwanza anamsogeza Tekla upande wa pili.

Tumerudi kwa njia ya chini, haina watu. Mchana tumekula maharage. Jioni nimeshona kola ya shati langu mwenyewe.