Mtungi wa Uani Buyenzi

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Mjukuu wangu Ihirwe amepata barua. Kampuni ya ng'ambo inastaafisha jukwaa alilotumia kutengeneza mchezo wake wa kompyuta. Jukwaa lina miaka tisa. Mimi nilifundisha thelathini na nne ndipo nikastaafishwa, kwa soda moja. Wanashukuru kwa "safari yetu ya pamoja". Nazijua barua hizi – ukimbizini tuliandikiwa hivyo kila walipotaka tuhame.

Mchezo ukipitishwa kufikia jioni ya tarehe 30, utauzwa kwenye mashine za michezo za televisheni, dunia nzima. Ukichelewa, auandike upya kwa jukwaa jingine. Miaka miwili, anasema.

Jumamosi, 20 Septemba

Mchezo umekamilika. Ua wetu wa Buyenzi, Bujumbura, 1962. Wazee sita wanacheza igisoro, bao letu, na kuvuta urwagwa, pombe ya ndizi, kwa mirija, mtungi mmoja. Wa kushoto ni baba. Hatuna picha yake. Ihirwe alimchora kwa maneno yangu, mara kumi na moja, hadi masikio yakakaa sawa. Msichana anayeleta mtungi ni mimi.

Alhamisi, 25 Septemba

Ihirwe yuko kazini, ameniachia fomu ya umri wa wachezaji. Kiingereza changu kinapita chake, alisema. Sifa za bure – nikazila.

Kuna pombe? Ndiyo. Inaonyeshwa kama jambo la kufurahisha? Sana. Kuna mtoto karibu nayo? Ndiye anayeileta. Nikaongeza, kwa ufafanuzi, kwamba mwenye kuleta huonja kwanza, mgeni ajue haina sumu. Ndiyo heshima.

Nikatuma.

Jumatatu, 29 Septemba

Wamekataa. Mtoto anakunywa pombe.

Nimesahihisha insha za watu maisha yangu yote, fomu moja imenishinda. Kwenye mashine hizo hizo watu wanakatana vichwa na damu inaruka ukutani. Hatari ni msichana wa miaka minane na adabu zake.

Bayingana, anayeweka sauti kwenye mchezo, amekuja na dawa yake.

"Tuseme ni maziwa, mukecuru. Neno moja tu."

Nikamuuliza: wazee sita wavute maziwa kwa mirija, halafu waimbe, halafu wagombane?

"Huko Ulaya nani atajua?"

Baba atajua.

Jumanne, 30 Septemba

Marekebisho yanapokelewa hadi saa kumi na mbili jioni. Sasa ni saa kumi na dakika hamsini. Ihirwe anataka jibu: atoke mtoto au utoke mtungi.

Bila mtungi, baba hana sababu ya kukaa pale akicheka. Nimemwambia amtoe mtoto. Huyo amezoea kuhamishwa.

Ihirwe ameshika kipanya. Habonyezi.

"Sasa nani ataleta mtungi, Nyogokuru? Na nani ataonja?"