Mstari Nyuma ya Mimbari

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Hujambo? Sisi tu wazima, wifi yako anakusalimu sana. Tangu umalize kuchora ule mto kwenye ukuta wa kanisa, mahubiri hayanipi tabu tena. Unajua nilivyokuwa: nasoma mpaka macho yananiuma, na Jumapili nasimama mikono mitupu. Siku hizi nakaa benchi la mbele, naangalia rangi zako, na maneno yanakuja yenyewe. Jana nilihubiri juu ya ule mstari mwembamba unaoshuka kutoka mawinguni hadi majini. Watu walilia. Ulikuwa unawaza nini ulipouchora?

Mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu,

Nashukuru mko wazima. Mimi nasumbuliwa na mgongo tu, ndiyo faida ya kushinda juu ya ngazi. Nimefurahi kwamba siku hizi watu wanalia badala ya kusinzia. Lakini mimi sikuchora mstari wowote. Zunguka nje, uangalie ukuta kwa nyuma. Kama na huko upo, huo ni ufa. Mwite fundi leo hii.

Dada yako

30 Machi

Dada,

Salamu nyingi, na samahani kwa kukawia. Nje nako upo. Fundi alikuja, akagongagonga, akatikisa kichwa, akasema ukuta ubomolewe. Nikamwambia asubiri kwanza. Usinicheke. Mstari umeshaupita mto, unashuka kuelekea mimbari, na kila ukisogea napata somo jipya. Kanisa linajaa hadi tumeongeza viti mbele. Ukibomolewa, nitawaambia nini watu? Naogopa kurudi kule nilikokuwa kuliko ninavyouogopa huo ukuta.

Mdogo wako

5 Aprili

Mdogo wangu,

Leo salamu zingoje. Viti umeviongeza chini ya ukuta huo huo? Una akili timamu kweli? Nitakuchorea mwingine, hata kwenye shuka, hata kwenye mlango wa jiko lenu. Anayekupa maneno hakai ndani ya plasta. Nakuomba, watoe watu humo. Silali vizuri.

Dada yako

11 Aprili

Dada,

Hujambo? Nimekusikia. Nimeshawatangazia: Jumapili wote watakaa uani. Mimi nitahubiri ndani, madirisha wazi, mara hii moja tu, na Jumatatu fundi aanze kazi. Wifi yako amenuna, hataki hata kuniangalia. Leo nimekuta vumbi la buluu juu ya Biblia yangu, nikalifuta kwa kiganja. Somo nililopata ni zuri kuliko yote. Natamani ungekuwepo ulisikie.

Mdogo wako

16 Aprili

Wifi yangu,

Natumaini u mzima. Utaona mwandiko si wake. Ukuta ulipoanguka, waumini wote walikuwa uani kama alivyoagiza, hakuna hata mmoja aliyeumia. Hatukuweza kukusubiri, tumemzika jana. Njoo, wifi, nyumba ni kubwa mno.

Walikuwa wakimsikia vizuri kabisa pale madirishani, na alikuwa hajamaliza sentensi. Sasa wanakuja mmoja mmoja kuniuliza alitaka kumalizia na neno gani, na mimi sijui.

Wifi yako