Mama Zuhura Aitwa Shuleni

Jumanne

Eti makosa ni ya wazazi! Masaa mawili mazima tumekaa kikao cha walimu kujadili utovu wa adabu wa wanafunzi, mahamri tukayamaliza, na hiyo ndiyo hekima iliyotoka. "Wazazi wenyewe hawakufunzwa adabu," akasema naibu wa mwalimu mkuu. Nami nikadakia, "Wallahi!"

Ndipo akaingia mama yake Zuhura. Tulimwita kwa sababu bintiye alimwita mwalimu wa hesabu punda, mbele ya darasa zima.

"Shikamoo, mwalimu," akaniambia. "Hunikumbuki? Ulinifunza darasa la sita, papa hapa Likoni."

Nilimkumbuka. Kila alipokosea kugawanya, nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamwita neno hilo hilo.

Nikaitikia marhaba, kama mtu mwenye adabu zake.