Farasi Niliyemwacha

Jumatatu, 9 Juni
Nimeingia fainali! Chess ya ofisi, saa ya lunch, kwenye meza ya mapokezi. Sikutarajia kufika huku. Jumatano nacheza na Bwana Kang'ethe—mkuu wetu, mtu atakayetia sahihi barua yangu ya kuajiriwa. Au asitie. Miezi yangu ya majaribio inaisha tarehe thelathini. Sitati wa stoo anasema nimfunge tu, mzee hajafungwa tangu aletwe hapa Lanet. Ameniwekea dau la soda. Nilicheka.

Jumatano, 11 Juni
Dakika kumi kila mtu. Mwanzoni nilisogeza kete kwa pupa hata zikagongana. Halafu, sijui, kukatulia ndani yangu. Mzee alipoteza ngome. Mfalme wake akabanwa kwenye kona na nikaona: farasi hapa, malkia pale, kwisha! Wazi kabisa, kama ziwa unavyoliona kutoka mlima Menengai ukungu ukiinuka.

Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivyo. Nikakaa nikikitazama. Nikakihakiki kama ninavyohakiki fomu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chumba kilielea mbali. Watu walikuwa kama wako chini ya maji.

Wangui wa mapokezi akakohoa. Nikaangalia saa yangu ya mchezo. Zimebaki sekunde nane! Mkono ukaruka, ukasogeza malkia badala ya farasi. Mzee akamla. Nikasukuma kitu kingine, hata sikumbuki nini. Muda ukaisha.

Bwana Kang'ethe alinipa mkono. Hakutabasamu.

Alhamisi, 12 Juni
Chooni nimewasikia wawili. Eti huyo msichana ni mjanja, amemwachia bosi gemu apate barua. Kisha Sitati, mbele ya wote: "Jero! Si ungeniambia gemu imeuzwa? Soda yangu imeenda hivyo tu!" Wangui akamwambia awache kunisumbua. Wengine walicheka. Nami nikacheka. Kwa nini nilicheka?

Saa kumi Bwana Kang'ethe alisimama mezani pangu. Aliuliza polepole kama nilimhurumia. Nikasema hapana, sir. Akasema anayemhurumia kwenye ubao atamdanganya hata kwenye faili. Akaenda.

Hapana, nilisema. Ni kweli? Nilimwogopa, ndiyo. Lakini wakati ule hata yeye sikumwona. Nilikuwa na furaha. Utamwelezaje mkuu wako kwamba ulishindwa kwa furaha?

Ijumaa, 13 Juni
Saa saba kasoro kumi. Ubao uko juu ya meza yangu. Bwana Kang'ethe ameupanga mwenyewe, kila kete ilipokuwa Jumatano kabla sijaharibu. Amesema, watu wote wakisikia: kama ni muda tu ulioniangusha, nichukue dakika mbili nimalize. Ameenda kunawa mikono.

Nikimaliza, watasema niliona tangu Jumatano, nikauza. Nisipomaliza, atasema sikuona kitu, na karani asiyeona wa nini?

Wangui anavuta viti. Jua limeingia dirishani, vumbi linazunguka juu ya mfalme wake, polepole, dhahabu tupu. Kile kitu nilichokiona bado ni kizuri. Mungu wangu, bado ni kizuri vilevile.

Nasikia bomba la maji likifungwa; anarudi. Sitati ananiinamia: "Usishike kitu, madam. Ukigusa, umecheza."

Farasi ni wa plastiki. Mwepesi, baridi kidogo.

Nimemgusa.