Mbuka Alikufa Darajani

Mcharo,

Hali yako siulizi. Nilishika beleshi mwenyewe pale kwenu Sagalla, na kama kuna mtu anajua umelala wapi na kwa kina gani, ni mimi. Mimi ni mzima. Bado ndiye kinyozi hodari kuliko wote hapa Voi, hilo halijabadilika kwa sababu umekufa.

Ila nina hasira na wewe. Nakuandikia kwa sababu sasa huwezi kunikatiza, na ukiwa hai sikuwahi kumaliza sentensi mbele yako.

Kitabu chetu kinatengenezewa filamu. Ndiyo, Walinzi wa Ngome ya Chumvi, kile kile ulichokuwa unatusomea kwenye kibanda stima ikipotea, mashine ikinyamaza, na wateja wakikaa wamenyolewa nusu kichwa bila kulalamika. Habari ilitoka matanga yako yalipokwisha. Wenye filamu wamejulikana, dairekta bado. Basi wasomaji wakaingiwa na wazimu. Kwenye grupu ya simu walitukanana mpaka ikafungwa siku mbili. Kuna wanaomtaka yule jamaa wa Nairobi, wa filamu za magari kulipuka. Kuna wanaomtaka yule mama wa Mombasa, ambaye kwenye filamu zake mtu anaweza kumenya chungwa mpaka likaisha na hakuna aliyeongea. Mwalimu Mghoi, yule wa sekondari anayeongoza wasomaji wa Voi, akasema tukutane ukumbi wa kanisa Jumamosi mchana, tuchague jina moja, tuwaandikie wenye filamu barua.

Nikaenda na jeshi langu. Watu sita wa kibandani, wale wale waliokuwa wakikusikiliza: Baba Wakesho mlinzi wa yadi ya malori, Salim wa duka la jirani, na vijana wanne wa bodaboda. Niliwapanga mapema. Sisi ni wa Nairobi, kura saba, hatugawanyiki. Sababu unaijua. Mbuka anashika daraja peke yake, ufunguo wa ngome mkononi, moto mbele na nyuma, halafu anatokea upande wa pili ameungua nyusi tu, anauliza nani amebeba chai. Hiyo inataka mtu wa milipuko. Yule mama angetuonyesha chai ikipoa.

Na unajua mimi na Mbuka. Mwizi wa chumvi, shule aliiona kwa mbali, mdomo mrefu, anajisifu hata akiwa amefungwa kamba. Maneno yake ulikuwa unayasoma kwa sauti yangu, watu wananitazama wanacheka, na mimi najifanya sijaelewa.

Mwalimu akafungua mkutano. Akasema jambo la kwanza tujiulize ni nani kati ya hawa wawili atakayeweza kifo cha Mbuka.

Nikacheka. Watu wangu sita wakacheka kunifuata. Nikasimama, nikarekebisha kola.

"Mwalimu, kwa heshima zako, nyinyi mlisoma kitabu gani? Mbuka hafi. Mbuka anacheza kwenye harusi ya malkia. Kule mwisho anafungua hoteli ya chai."

"Hoteli ya chai?" akauliza msichana mmoja wa chuo. "Kaka, hiyo uliota."

"Aote nini?" Baba Wakesho akadakia. "Tumesikia sote. Mimi siku ya harusi nilikuwa na nywele upande mmoja."

Ukumbi ulianguka kwa kicheko, Mcharo. Wengine walishika viti. Mwalimu Mghoi hakucheka, na hapo ndipo niliposhtuka. Alifungua kitabu chake, akanipa, akasema kwa upole, "Righa, soma hapa mwanangu."

Mimi na kusoma unatujua. Niliacha shule kidato cha pili, na herufi ndogo zinanichezea. Nikasoma kwa kidole, mbele ya watu wote wale. "Moto ulipozimika walimkuta Mbuka ameinamia ufunguo, na mkono wake hau, hauku, haukufunguka hata walipomwita kwa jina." Nikageuza ukurasa nitafute zile nyusi. Ukurasa wa pili wanamzika.

Kicheko kilikwisha chenyewe. Salim akaniambia kwa kile Kiswahili chao cha pwani, "Nduguyo alikuwa akitutungia, Righa. Tangu pale darajani hadi mwisho, kitabu kile kilikuwa chake yeye."

Mkutano ukaahirishwa kwa wiki moja. Kwa sababu yangu. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno.

Nikachukua kitabu chako. Mama yako alinipa baada ya mazishi na nilikuwa sijakifungua, maana kwangu kitabu kilikuwa mdomo wako, na mdomo ulishafungwa. Nikakisoma wiki nzima, katikati ya wateja, mpaka mmoja nikamkata sikio kidogo. Baada ya daraja Mbuka hayupo. Karibu nusu ya kitabu. Kwenye harusi wamemwachia kiti kitupu. Hoteli hakuna. Zile kesi zake na mamba, yule mke wake mfupi aliyempiga na mwiko, vyote ulivitoa kichwani kwako huku umeshika kitabu wazi kama mchungaji.

Nikaanza kukumbuka siku. Daraja ulilisoma kesho yake baada ya kurudi kutoka Mboghoni, kwa shangazi yako. Ulituletea mkungu wa ndizi. Nilizila, nikamwambia kila aliyekaa kwenye kiti changu kwamba ndizi zilizonyweshwa maji ya Mboghoni hazina mfano. Kwenye matanga nikamuuliza mama yako shangazi mbona hakufika. Akaniangalia. "Mwanangu, shangazi yupi?" Kumbe kila safari ya Mboghoni ilikuwa hospitali, figo, na ndizi ulizinunua hapa hapa soko la Voi ukishuka.

Hilo nilikuwa nimejaribu kulimeza. Nilisema mgonjwa ana haki ya kuficha ugonjwa wake. Lakini sasa nimejua na la kitabu, na siwezi kulimeza tena.

Kwa sababu siku ya daraja naikumbuka. Stima ilipotea mchana wa jua kali. Ulisoma mpaka moto ukawaka pande zote mbili, ukanyamaza. Nikakutania, "Vipi, herufi zimekushinda kama mimi?" Nikakuona kwenye kioo. Macho yako hayakuwa kwenye kitabu, yalikuwa kwangu. Halafu ukaanza ile habari ya nyusi. Na mimi mjinga nikajisifu kwa watu kwamba rafiki yangu anakijua kitabu bila kuangalia.

Ulikuwa umetoka kuambiwa na daktari. Ukanitazama ukaamua: huyu hataweza. Mimi, Mcharo? Niliyekubeba mgongoni kutoka mtoni ulipovunja mguu, ukanitapikia shingoni, na sikumwambia mtu? Ungeniambia. Ningekaa kwenye lile benchi la hospitali nawe, ningewaudhi manesi mpaka watuhudumie haraka watufukuze. Ningekunyoa kila Jumatatu. Badala yake nilipigiwa simu umeshafunikwa shuka. Nilikunyoa mochari, mama yako aliponiomba, na hata pale nilikuwa najiuliza mtu anawezaje kufa kwa ugonjwa nilioambiwa ni wa siku tatu.

Miezi minne ulitusomea kitabu ambacho hakipo. Na kila nikicheka ulikuwa unajua kwa nini nacheka na mimi sijui.

Alhamisi wale sita wakaja kibandani na mpango. Kura za wengine zilikuwa zinakaribiana, kwa hivyo saba zetu ndizo zingeamua. Baba Wakesho akasema, "Tuwaambie wa Nairobi tutawapa kura, lakini kwenye barua iandikwe Mbuka asife. Wafuate ya Mcharo. Ya Mcharo ni tamu."

"Wasomi wabaki na yao," kijana mmoja wa boda akaongeza.

Nakuambia ukweli, nilitaka kukubali. Ilikuwa njia ya kukufanya usiwe mwongo mbele ya Voi nzima, na mimi nisiwe mjinga. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kisha nikamwona Baba Wakesho alivyofurahi, nikajiona mwenyewe na zile ndizi. Hawakujua walichokuwa wanakipigia kura.

Nikazima mashine. Stima ilikuwepo, niliizima tu. Nikawaambia wakae, nikawasomea daraja.

Nilisoma vibaya. Nilikwama, nikarudi, nikaruka mstari nikaurudia. Wewe ungemaliza tukiwa bado tunapiga miayo, mimi nilichukua mchana wote. Hakuna aliyenitania, na wale watu unawajua walivyo. Nilipofika kwenye mkono, Baba Wakesho akavua kofia. Salim akasema Innalillahi, kwa mwizi wa chumvi ambaye hajawahi kuwepo duniani. Halafu yule kijana wa boda akauliza, "Sasa Mcharo alijua?" Nikasema alijua yote. Nikawaeleza ya figo, na ya Mboghoni.

Jumamosi kura saba zilikwenda kwa mama wa Mombasa. Yule msichana wa chuo akauliza tumegeuzwa na nini. Nikasimama, bila kurekebisha kola, nikasema yule wa Nairobi atalipua daraja na sote tutatazama moto. Huyu mama atamtazama mtu. Mwalimu Mghoi akaliandika jina lake kwenye barua, tukatia sahihi sote. Kama wenye filamu watasikia au hawatasikia, sijui. Ni barua ya watu wa Voi tu.

Sijakusamehe. Naliandika wazi, maana kati yetu lazima awepo mmoja anayesema jambo lilivyo, na sasa kazi hiyo imeniangukia. Huenda ulinihurumia. Huenda ulijihurumia wewe, na kwangu ulitafuta mahali ambapo hufi. Ningekupa mahali hapo, Mcharo, ungeomba. Hukuniomba.

Kitabu nitakimalizia watu wa kibandani kama kilivyoandikwa, na kile kiti kitupu nitakisoma. Na filamu ikija, nakuahidi, nitakaa safu ya mbele. Wafike darajani, na mtu asinifunike macho. Kufa kwa Mbuka nitakuona mpaka mwisho. Kufa kwako ulininyima.

Pumzika, ndugu yangu.

Righa