Chai Si Chakula

Ijumaa, Al Quoz, Dubai, 2014

Wote wamekunywa chai! Wote!

Wiki nzima mimi na nesi mwenzangu Marisel, Mfilipino, tumepita kwenye mabweni ya wafanyakazi tukiwasihi Wanepali na Wahindi waje kupimwa sukari leo asubuhi, bila kula chochote. Wamekuja kweli, foleni mpaka nje.

"Umekula?" nilimuuliza wa kwanza.

"Sijala, sista."

Lakini alinukia hiliki. "Na chai?"

"Chai nimekunywa. Chai si chakula."

Wa pili hivyo hivyo, na wa kumi. Nami naijua karak, chai ya hapa, ni maziwa ya kopo na sukari tupu. Nikamwendea Basheer, muuza chai wa getini, nikamfokea kana kwamba kosa ni lake. Akafuta mikono, akaja akakaa kwenye kiti chetu, akanyoosha kidole. Hakuwa ametia kitu mdomoni.

"Sukari naitia mwenyewe, sista. Naijua."

Marisel alicheka hadi akashika meza. Basheer ameahidi kwamba Ijumaa ijayo hatawasha jiko mpaka tuseme khalas, tumemaliza. Nimefurahi sana.

Kisha Marisel akanivutia kiti. "Haya, zamu yako."

"Huyu?" Basheer akadakia. "Amekunywa vikombe viwili alfajiri!"

Wakacheka, nami nikacheka nao. Ila Mama alianza kuugua sukari akiwa na umri wangu huu, na vile vikombe viwili nilivinywa makusudi, nisipimwe.

Ijumaa ijayo nakaa wa kwanza.